Meli iliyozama si mali ya aliyeiona

Kwenye matatu ya kutoka Ngong hadi mjini nilimsikia kijana akimwambia mwenzake kuwa dhahabu ya meli zilizozama ni ya atakayeiokota. Imani hii ni ya zamani, na si kweli. Sheria ya Kenya ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inamtaka anayegundua kitu cha kale aiarifu Makumbusho ndani ya siku 7. Mkataba wa UNESCO wa 2001 nao unakataza kufanya biashara ya urithi uliokaa majini angalau miaka 100.

Na hasara ya kuokota iko wapi? Tazama Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama mbele ya Fort Jesus, Mombasa, mwaka 1697. Wanaakiolojia waliichimba kuanzia 1977, wakipima kila kipande kilipolala. Ubao uliolindwa na tope karne tatu, ukiutoa na kuuacha ukauke hivihivi, hujikunja na kupasuka. Chuma hulika kwa chumvi. Mpiga mbizi anayeng'oa chungu kimoja cha kuuza (labda kwa bei ya kutupa) anaharibu ushahidi wa kilichopakiwa wapi.