Mtoto kushiba hakutoshi

Kauli kwamba mtoto mchanga "hajui kitu", kwamba akila, akioga na kulala pasafi basi amelelewa, imehalalisha mengi, ikiwemo kumpeleka kwenye kituo cha kulelea watoto mtoto ambaye bibi au shangazi yake yuko tayari kumlea.

Romania ilionyesha vinginevyo. Serikali ya dikteta Ceaușescu ilipoanguka mwaka 1989, makumi ya maelfu ya watoto walikutwa katika vituo vya serikali. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani, wakishirikiana na wenzao wa Romania, walianza kuwafuatilia watoto 136 wa vituo hivyo katika mji mkuu, Bucharest. Kwa kura, nusu walipelekwa kwa familia za malezi. Wengine waliendelea na utaratibu wa kawaida wa vituo, na hawakuzuiwa kuondoka kituoni nafasi ilipopatikana.

Waliolelewa na familia waliwapita wenzao kwa akili na lugha, na hata miili yao ilikua haraka zaidi. Waliohamishwa kabla ya miaka 2 ndio walionufaika zaidi.

Kasoro haikuwa uvivu wa wahudumu. Mmoja aliangalia watoto wengi, kwa zamu, na mtoto aliyelia bila kujibiwa mwishowe alinyamaza. Mgeni angedhani ametulia. Ubongo mchanga hujijenga kwa kujibiwa: mtoto anatoa sauti, mtu yuleyule anamtazama na kumjibu, siku baada ya siku.

Kwa hiyo anayetaka kuchangia kituo afikirie kwanza kodi ya nyumba na chakula cha yule bibi. Watoto wengi vituoni bado wana mzazi au ndugu hai. Kilichowatenganisha mara nyingi ni umaskini.