Daftari kwanza, kabati baadaye: kuendesha makumbusho madogo ya mtaa Lubumbashi

Watu wanaotaka kufungua makumbusho ya komini yao (sehemu ya mji yenye utawala wake), iwe komini ya Kenya, Katuba au Ruashi hapa Lubumbashi, karibu wote huanza na habari ya jengo. Nyumba ipatikane wapi, makabati ya vioo ni bei gani, mlinzi atalipwa na nani. Sisi tunaotunza mikusanyo huuliza jambo jingine kwanza: daftari liko wapi?

Ninalosema ni daftari gumu lililoshonwa, si karatasi za kuchomoachomoa, na kurasa zake zipewe namba kabla halijaandikwa neno. Kila kitu kinachoingia kinaandikwa siku hiyohiyo kwa wino: nani amekileta, nani alikitumia, wapi, miaka gani, kina ufa au kutu upande gani. Kisha kinapewa namba. Mtindo rahisi ni mwaka, mzigo, kipande. Kwa hiyo 2025.14.3 ni kipande cha tatu katika mzigo wa kumi na nne ulioletwa mwaka 2025. Namba hiyo iandikwe kwa penseli laini nyuma ya picha, au kwenye utepe wa pamba uliofungwa kwenye chombo. Selotepu na gundi zikae mbali, maana baada ya miaka michache hugeuka rangi na kubaki na doa lisilotoka. Kompyuta ikiwepo ni vizuri, ila iwe nakala ya daftari.

Kwa nini ukali wote huu? Tuangalie misalaba ya shaba, fahari ya Katanga, eneo letu la kusini-mashariki mwa Kongo. Mwaka 1957 na 1958 watafiti Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walichimba makaburi ya kale ya Sanga, kandokando ya Ziwa Kisale. Waliandika kila msalaba ulikuwa katika kaburi gani, umelala sehemu gani ya mwili, pamoja na vyungu gani. Kwa maandishi hayo, na ya waliochimba baada yao, ndipo ilipowezekana kufuata mwendo wake: misalaba mikubwa ikatangulia, ikafuatiwa na midogo inayolingana kwa ukubwa, dalili kwamba ilikuwa imekuwa fedha. Msalaba wa namna hiyohiyo ukiokotwa sokoni kwa mtu asiyejua ulikotoka, umebaki shaba ya kupimwa kwa kilo. Na mtu akikuletea uliofukuliwa juzi, usinunue hata kwa huruma. Ukinunua mmoja, umemlipa mtu akafungue kaburi la pili.

Vitu vya kambi za wafanyakazi ni vivyo hivyo. Kofia ngumu za Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi, ziko nyingi mjini, na kofia peke yake haimwambii mtoto wa shule chochote. Lakini aliyeivaa aliajiriwa mwaka gani? Aliishi kambi ipi, posho iligawiwaje, mke wake alishona au aliuza nini mshahara ulipoanza kuchelewa? Mradi wa Mémoires de Lubumbashi, ulioanza mwaka 2000 na kuongozwa na wanahistoria Bogumil Jewsiewicki na Donatien Dibwe dia Mwembu, ulionyesha kwamba wakaaji wa mji wenyewe wana kumbukumbu na vyombo vya nyumbani vinavyostahili kuonyeshwa hadharani. Simu ya kawaida inatosha kurekodi. Mwacheni mzee aseme Kiswahili chake cha Lubumbashi, na mnapoandika msikisafishe. Akisema “nilitumika ku Union Minière” (yaani nilifanya kazi Union Minière, kampuni ya migodi ya enzi za Wabelgiji), iandikwe hivyo.

Sasa jambo linaloleta ugomvi kuliko mvua na panya: mali ni ya nani. Kijana analeta medali ya kazi ya marehemu baba yake, mnashukuru, mnaiweka kabatini. Miaka miwili baadaye baba wadogo wanakuja kuidai, na wana haki ya kuuliza, kwani hakuna aliyewashirikisha. Andaeni karatasi ya ukurasa mmoja inayosema wazi kama ni zawadi au mkopo. Ya zawadi itiwe sahihi na mtoaji pamoja na watu wawili wa familia. Ya mkopo iwe na tarehe ya mwisho. Mkopo usio na mwisho ni kesi inayosubiri. Kila upande ubaki na nakala yake. Kwa picha za familia, ushauri wangu ni kutozichukua kabisa: zipigeni nakala nzuri mbele ya mwenyewe, mrudishieni albamu yake aende nayo nyumbani.

Msikubali kila kitu pia. Cherehani ya nne isiyo na hadithi ikataliwe kwa adabu.

Kuna historia za mji huu ambazo bado zinauma. Tarehe 9 Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waliogoma walipigwa risasi katika uwanja wa mpira. Katanga ilijitenga kuanzia tarehe 11 Julai 1960 hadi Januari 1963. Mwaka 1992 na 1993 Wakasai, watu wenye asili ya Kasai, walifukuzwa makwao humuhumu Katanga. Wajukuu wa pande zote watasimama mbele ya ukuta mmoja, wakisoma maelezo yenu. Kukwepa mambo hayo ni woga, ila kuna namna ya kuyaandika. Kila simulizi litaje nani alisema (au “mkaaji wa Katuba” kama hataki jina), lini alisema, na alikuwa wapi tukio lilipotokea. Masimulizi mawili yakipingana, yakae bega kwa bega bila ninyi kutoa hukumu. Jina la jirani anayetuhumiwa lisipandishwe ukutani. Na mtu akiomba sauti yake isisikilizwe mpaka afariki, ahadi hiyo iandikwe daftarini, itimizwe.

Kuhusu kutunza, nitasema machache. Kuanzia Novemba hadi Aprili unyevu unapanda, kwa hiyo hakuna sanduku la kukaa sakafuni wala kuegemea ukuta wa nje. Mchwa hupitia hapo. Picha na nguo zisipigwe na jua la dirishani. Shaba ya zamani isisuguliwe kwa dawa ya kung'arishia, kwa sababu kinachoondoka ni alama za aliyeitengeneza. Kitambaa kikavu kinatosha.

Saa za kufungua? Bora alasiri mbili kwa juma ambazo hazikosi kuliko juma zima lililoandikwa mlangoni huku mlango umefungwa. Watoto wa shule walipe kidogo au wasilipe, lakini mwalimu aje mapema kupanga.

Kila mwisho wa mwezi, kurasa mpya za daftari zipigwe picha, na nakala ihifadhiwe kwa mtu anayeishi komini nyingine. Funguo za stoo ziwe kwa watu wawili wasio wa familia moja, na majina yao yabandikwe ndani ya jalada.