Je, wajua kwa nini mzazi wa Hispania hawezi kumwachia mtoto mmoja mali yote?

Chukua mzee mmoja wa Madrid. Mkewe ametangulia mbele ya haki, watoto wako watatu. Wawili wa kiume hupiga simu Krismasi na Krismasi. Wa tatu, binti, ndiye anayempikia na kumpeleka hospitali. Mzee anakwenda kwa notario, mwanasheria ambaye wosia wa Wahispania wengi huandikwa mbele yake, anamwambia: "Niandikie kila kitu kwa binti yangu." Notario anatikisa kichwa.

Sababu ni kwamba sheria imeshaigawa mali hiyo kabla mzee hajafungua kinywa. Código Civil, yaani kitabu cha sheria za kiraia cha mwaka 1889, katika kifungu cha 808, inamlazimu mwenye watoto kuihesabu mali yake kwa mafungu matatu yaliyo sawa.

Tuseme mzee ana euro 300,000. Theluthi ya kwanza, 100,000, ni ya watoto wote sawasawa, wa kike kwa wa kiume: kila mmoja 33,333. Theluthi ya pili huitwa mejora, nayo ni nyongeza. Haitoki nje ya watoto na wajukuu, lakini mzee huchagua nani kati yao ampe. Theluthi ya tatu ni yake kabisa. Akitaka ampe jirani au kanisa. Kwa hiyo akimpendelea binti hadi mwisho wa uwezo wake, binti atapata takriban 233,333, na kila kaka 33,333. Mafungu mawili ya kwanza, yasiyoweza kutoka nje ya watoto na wajukuu, ndiyo legítima.

Msomaji aliyelelewa na mirathi ya Kiislamu atasema theluthi si jambo geni kwake. Kweli, ila angalia tofauti: huko theluthi ya wasia haipewi mrithi bila ridhaa ya wenzake, na huku mejora imewekwa makusudi ili mrithi mmoja azidishiwe.

Ujanja wa kumgawia binti nyumba mzee angali hai hausaidii. Zawadi hizo hurudishwa kwenye hesabu baada ya kifo, na zikimega haki ya wengine hupunguzwa. Laiti mkewe angekuwa hai, hesabu ingeanza kwingine: kwa ndoa ya kawaida ya Madrid, nusu ya walichochuma pamoja ni ya mke kwanza, wala si urithi. Juu ya hiyo angepata haki ya kutumia theluthi ya mejora maisha yake yote, bila kuimiliki. Wanafunzi wengi huteleza hapo, wanagawa mali ya mjane pamoja na ya marehemu.

Kumkana mtoto je? Inawezekana, kwa sababu zilizotajwa tu. Kifungu cha 853 kinataja, kwa mfano, mtoto aliyemnyima mzazi matunzo bila sababu ya haki, aliyempiga, au aliyemtusi vibaya. Kutopiga simu hakumo. Hata hivyo mwaka 2014 Mahakama ya Juu kabisa ya Hispania ilikubali kwamba watoto waliomtelekeza baba yao mgonjwa walimtesa kisaikolojia, na mateso hayo yanahesabika kama kupigwa.

Uamuzi huo unamchanganya mwanafunzi wa Nairobi au Dar es Salaam, aliyezoea kuanza na kesi zilizokwisha kuamuliwa, ambazo kwao ni sheria. Código Civil, kifungu cha 1, inataja chemchemi tatu za sheria: sheria iliyoandikwa, desturi, na kanuni za jumla. Maamuzi ya mahakama yanasemwa kuwa yanaikamilisha sheria tu. Ndiyo maana majaji wale walilazimika kuonyesha kwamba mateso ya moyo tayari yamo ndani ya maneno ya kifungu. Binafsi naona kwamba waliyanyoosha maneno hayo kidogo.

Mizizi ya legítima ni Roma, ambako wosia uliowapuuza watoto bila sababu uliweza kupingwa. Katika sheria ya zamani ya Castilla, ufalme wa kale wa Hispania, mzazi mwenye watoto aliachiwa moja ya tano tu ya mali aifanyie apendavyo. Kwa hiyo theluthi ya 1889 ilikuwa nafuu.

Lakini Hispania haina sheria moja ya urithi. Katika jimbo la Catalonia fungu la watoto ni robo tu. Jimbo la Navarra ndiko kwa ajabu: kwa jadi legítima ya huko ni sarafu tano za zamani na kipande cha ardhi katika milima ya jumuiya, maneno matupu ambayo hakuna mtoto anayeweza kuyadai mahakamani. Na sheria inayomhusu Mhispania katika urithi hufuata vecindad civil yake, yaani eneo ambalo kisheria ni mtu wa huko. Hupatikana kwa kukaa miaka 2 na kutamka kwa msajili, au miaka 10 ya kukaa kimya. Mzee wetu akihamia kweli Pamplona, mji mkuu wa Navarra, akakaa miaka yake 2 na kutamka, notario wa huko anaweza kumwandikia wosia ule ule ambao wa Madrid aliukataa.