Kahawa haiondoi pombe

"Mpeni kahawa nzito, anawe uso, halafu aende." Maneno haya husemwa mlangoni sherehe inapokwisha, huku mjomba akipapasa mifuko kutafuta funguo za gari. Ni imani ya miaka mingi, na si kweli.

Kahawa humfukuzia usingizi tu. Pombe inabaki palepale kwenye damu, na hapo ndipo hatari ilipo: anajiona mzima, ilhali macho, mikono na akili ya kuamua bado vimelewa. Ni mlevi aliye macho, basi.

Kazi ya kuiondoa pombe ni ya ini, na ini halina haraka. Kwa wastani hupunguza kiwango cha pombe kwenye damu kwa takriban asilimia 0.015 kila saa. Aliyefika asilimia 0.12 anahitaji kama saa 8. Akifika hapo saa 7 usiku, saa 2 asubuhi bado anayo, hata kama amelala fofofo. Maji baridi, supu, kutapika: hakuna kinacholiharakisha ini. Tena kiwango chaweza kuendelea kupanda hata baada ya glasi ya mwisho.

Kwa hiyo usibishane naye kama amelewa au la; ubishi huo hauna mwisho. Mwombe funguo mapema, kabla hajachangamka. "Mjomba, leo nakuendesha mimi." Kama nawe umekunywa, mwitie teksi au mtandikie kitanda. Atanuna kidogo. Gari atalifuata kesho, mchana.