Mifupa mizito si sababu ya mtu mweusi kutojua kuogelea

Filamu ya timu ya kuogelea ya Wamarekani weusi ikisifiwa kwenye magrupu, hufuata ujumbe uleule wa zamani: eti mtu mweusi ana mifupa mizito, kwa hiyo huzama.

Si kweli. Vipimo vya Marekani huonyesha tofauti ndogo ya wastani katika uzito wa mifupa, na hapo ndipo watu huchanganyikiwa. Lakini kinachomfanya mtu aelee hasa ni hewa ya mapafuni. Jaribu ukiwa na mwalimu, maji yakiwa ya kiunoni: jaza pumzi, kumbatia magoti. Wengi huelea. Ukiitoa pumzi unaanza kushuka, uwe na rangi yoyote.

Pengo lililopo Marekani kati ya weusi na weupe katika kujua kuogelea lina historia. Kwa miongo mingi mabwawa mengi ya umma Marekani yaliwafungia weusi nje. Miji mingine iliona heri kufukia bwawa kuliko kuwaacha weusi na weupe waogelee pamoja. Mzazi aliyenyimwa maji atamfundisha nani? (Wazamiaji wa pweza wa mwambao wetu wangeushangaa ujumbe huu.)

Matokeo ya Olimpiki yako wazi kwa yeyote: Seoul 1988, mweusi kutoka Suriname alishinda mita 100 kipepeo, Rio 2016, mwanamke Mmarekani mweusi alitwaa dhahabu ya mita 100 mtindo huru. Ukiupokea tena ujumbe huo wa mifupa mizito, tafadhali usiusambaze. Mtoto anayeuamini hataomba kufundishwa.