Lebo ya diski kwenye mashine za Sun

Ukiletewa mashine kuukuu ya kampuni ya Sun, yenye prosesa ya SPARC na mfumo endeshi wa Solaris ndani, diski mpya haitakubali kugawanywa kabla haijawa na lebo. Lebo ni maandishi mafupi yanayokaa kwenye sekta namba 0, baiti 512 tu. Yanataja umbo la diski, yaani silinda (njia zilizopangana juu kwa chini), vichwa vya kusomea na sekta za kila njia, ambayo ni mduara mmoja wa data, kisha jedwali la patisheni, yaani sehemu ambazo diski imegawanywa. Kwa mwenye parseli Katuba au Ruashi huku Lubumbashi, hii ndiyo kroki, mchoro wa kiwanja: haijengi ukuta, ila bila yake hakuna anayejua mpaka unapita wapi.

Patisheni ni nane, 0 hadi 7; SunOS ya zamani iliziita a hadi h. Kwa desturi 0 ni mzizi wa mfumo, 1 ni swapu, nafasi ya kusaidia kumbukumbu ya mashine. Namba 2 hushika diski nzima, na hapo wengi hushtuka wakiona imelalia zile nyingine, wakataka kuirekebisha. Iache ilivyo, kuna programu zinazoitegemea.

Kila patisheni lazima ianze mwanzoni mwa silinda. Chukua diski ya Sun ya GB 1.05: silinda 2036, vichwa 14, sekta 72 kwa njia. Vichwa mara sekta ni 1008, kila sekta baiti 512, kwa hiyo silinda moja ina baiti 516,096. Ukitaka swapu ya MB 64, hesabu inatoa silinda 130 na chembe kidogo, na kwa chembe hiyo unapewa 131.

Mipaka unayoandika kwenye menyu ya partition ya programu ya format hukaa kwenye kumbukumbu tu. Mpaka uamuru label, diski haijui lolote. Baada ya hapo, newfs huweka mfumo wa faili ndani ya kila patisheni inayouhitaji, swapu haihitaji. Amri format iliyo kwenye menyu kuu ya programu hiyo ni habari nyingine kabisa: inapanga upya sekta zenyewe, inaweza kuchukua saa nzima na zaidi, na umeme ukikatika katikati diski inaweza kukataa kusomeka. Kwa umeme wetu wa Lubumbashi, mimi siigusi bila sababu nzito. Diski za SCSI hutoka kiwandani zimekwisha kufanyiwa kazi hiyo.

Mwisho wa lebo kuna namba ya utambulisho, DABE kwa heksadesimali, na jumla ya ukaguzi, hesabu ya kuhakikisha lebo haijabadilika. Namba ikiharibika, mashine hulalamika «corrupt label». Usikimbilie newfs! Mara nyingi data ipo salama, na nakala za lebo zimehifadhiwa kwenye silinda za akiba mwishoni mwa diski; amri backup ya programu ya format huzitafuta na kuirudisha lebo. Mharibifu anayejulikana ni hifadhidata inayoandika moja kwa moja kwenye patisheni bila mfumo wa faili: ikianzia silinda 0, inaandika juu ya lebo. Ianzishe silinda 1.