Visiwa vidogo havikwenda kuomba msaada

Nimelisikia tena, safari hii kwa mwanasheria mwenzangu: ati viongozi wa Maldives, Tuvalu na wenzao huenda mikutano ya COP, ile ya Umoja wa Mataifa ya tabianchi, kulialia wapewe hela. Sasa imetosha.

Watu wanakumbuka picha ya Nasheed, aliyekuwa rais wa Maldives, na mawaziri wake wakifanya kikao chini ya maji mwaka 2009, basi. Hawajui kwamba AOSIS, umoja wa visiwa hivi, ndiyo iliyowasilisha rasimu ya kwanza ya itifaki ya tabianchi mwaka 1994, ikizitaka nchi tajiri zipunguze hewa ukaa kwa asilimia 20 ifikapo 2005. Itifaki ya Kyoto, iliyozipa nchi tajiri viwango vya kupunguza hewa hizo, ilikuja baadaye, tena dhaifu kuliko hiyo. Nyuzi 1.5 za Mkataba wa Paris, yaani kikomo cha ongezeko la joto la dunia, nazo ni msimamo wao. Tony de Brum wa Visiwa vya Marshall aliwaunganisha matajiri na maskini mpaka zikaandikwa.

Kinachoniudhi hasa ni kuchanganya msaada na wajibu. Mwaka 1991 Vanuatu, kwa niaba ya AOSIS, ilipendekeza mfuko wa bima ambao nchi za viwanda zingeuchangia kwa kadiri ya pato lao na uchafuzi wao. Mwombaji hampangii mtoaji kiwango. Mfuko wa hasara na uharibifu, wa kuzisaidia nchi zilizoumizwa na mabadiliko ya tabianchi, ulikubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022, miaka 31 baadaye, na michango yake ikawa ya hiari.

Katikati kuna Paris, 2015. Kifungu cha 8, cha hasara na uharibifu, kiliingia kwenye mkataba, lakini aya ya 51 ya uamuzi wa mkutano ikasema kifungu hicho hakiwi msingi wa dhima, yaani kuwajibishwa kisheria, wala fidia. Wengi huishia hapo na kufunga kitabu. Aya hiyo imo kwenye uamuzi, haimo kwenye mkataba, na inakizungumzia kifungu cha 8 peke yake. Tuvalu, Nauru na Visiwa vya Marshall ziliporidhia mkataba ziliweka tamko kwamba haziachi haki zao chini ya sheria ya kimataifa. Mlango ulibaki wazi, na Vanuatu ikaupitia: Machi 2023 ikalishawishi Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa kuiuliza Mahakama ya Kimataifa ya Haki kuhusu wajibu wa nchi katika tabianchi, na Julai 2025 majaji wote wakakubaliana kuwa nchi ikivunja wajibu wake wa tabianchi inaweza kudaiwa fidia.

Hata hivyo nina mashaka. Maoni yale ya mahakama ni ya ushauri, hayamfungi mtu. Kuthibitisha kuwa moshi wa nchi fulani ndio ulioleta madhara katika kisiwa fulani, mahakama imesema inawezekana. Mimi sijui nani atalipia utaalamu huo. Tena Marekani na China hazikubali mamlaka ya lazima ya mahakama hiyo, yaani kushtakiwa pale bila kuridhia kwanza kila kesi. Uingereza na Australia zinayakubali, ingawa kwa masharti, na kama mteja wangu angekuwa kisiwa, masharti hayo ndiyo ningeyasoma kwanza.